Dhoruba Hutabiriwaje? Somo Kutoka Uingereza

Baharia wa pwani yetu hahitaji kuambiwa kwamba kaskazi itafuatwa na kusi, kwa kuwa pepo hizo mbili huja kwa zamu kila mwaka. Uingereza mambo si hivyo. Katika majira ya kupukutika majani, yaani Septemba hadi Novemba, Ijumaa ya jua yaweza kufuatwa na Jumapili ya tufani. Kwa sababu hiyo watu wa huko husikiliza sana utabiri wa hali ya hewa, hasa mwisho wa juma unapokaribia na wengi wataka kusafiri. Yafaa nasi tujue utabiri huo hufanywaje, na una faida gani.

Chanzo cha dhoruba

Juu ya bahari ya Atlantiki hewa ya baridi itokayo kaskazini hukutana na hewa ya joto yenye unyevu itokayo kusini. Hewa ya joto, kwa kuwa ni nyepesi, hupanda. Uzito wa hewa mahali pale hupungua, na upepo huvuma kwa kuzunguka. Kadiri uzito huo upunguavyo upesi, ndivyo upepo uzidivyo ukali. Chombo cha kuupima huitwa barometa. Tena mwezi wa Oktoba miti mingi ya Uingereza ingali na majani, nayo hushika upepo kama tanga, hata mti ukang'oka.

Utabiri ulivyoanza

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba, 1859, meli Royal Charter, iliyokuwa ikitoka Australia kwenda Liverpool, ilivunjika miambani katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Watu wapatao 450 walikufa karibu kabisa na nchi kavu. Robert FitzRoy, mkuu wa idara ya hali ya hewa iliyoanzishwa mwaka 1854, aliona kwamba habari za simu ya waya zaweza kuitangulia dhoruba. Mwezi wa Februari, 1861, akaanza kupeleka maonyo bandarini. Huko ilipandishwa alama yenye umbo la pia: ncha ikielekea juu, upepo mkali watoka kaskazini, ikielekea chini, watoka kusini. Tarehe 1 Agosti, 1861, gazeti la The Times likachapa utabiri wa kwanza kwa watu wote.

Dhoruba mbili za Oktoba

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba, 1987, dhoruba kubwa ilipiga kusini mwa Uingereza. Watabiri walikuwa wameona dalili zake siku kadhaa mbele. Lakini ilipokaribia, hesabu zao zilionyesha kwamba upepo mkali ungepita baharini, kati ya Uingereza na Ufaransa. Vipimo vya kutoka baharini vilikuwa haba. Huko Shoreham upepo ulifika maili 115 kwa saa. Watu 18 walikufa Uingereza, na miti ipatayo milioni 15 ikaanguka.

Sasa tazama mwaka 2013. Alhamisi, tarehe 24 Oktoba, watabiri walionya kwamba dhoruba ingepiga kusini usiku wa Jumapili, na wakati huo dhoruba yenyewe ilikuwa haijazaliwa! Setilaiti na kompyuta ndizo zilizowawezesha. Makampuni ya reli yalitangaza mapema kwamba treni nyingi hazitakwenda Jumatatu asubuhi. Upepo ulifika maili 99 kwa saa katika kisiwa cha Wight. Watu watano walikufa. Ni kweli kwamba dhoruba hii haikuwa na nguvu kama ile ya 1987. Hata hivyo, siku nne za kujitayarisha si jambo dogo.

Namna ya kusoma onyo

Kwanza, tazama onyo lahusu sehemu gani na saa gani. Pili, tazama rangi yake. Uingereza hutumia manjano, rangi ya chungwa na nyekundu. Rangi hupimwa kwa mambo mawili: yaelekea kiasi gani jambo litokee, na likitokea litaleta madhara gani. Kwa hiyo manjano si ruhusa ya kudharau. Tatu, soma tena onyo la siku ifuatayo, maana utabiri hurekebishwa kila vipimo vipya vifikapo.

Nasi tunayo majira yetu ya hatari. Mvua za vuli, zinyeshazo Oktoba hadi Desemba, ziliua watu zaidi ya 100 nchini Kenya mwaka 2023. Idara ya hali ya hewa ya Kenya nayo hutoa maonyo. Usikiapo onyo la mvua kubwa, zibua mitaro, hamisha mifugo kutoka bondeni, na usivuke mto uliofurika, hata kama ulivuka hapo jana. Mtabiri hawezi kuizuia mvua. Kazi yake ni kukupa muda, na kuutumia muda huo ni juu yako.