Kichwa cha barua cha kikundi: kitengenezwe mara moja, kitumike na wote

Kikundi cha wakulima wa mwani, jumuiya ya wafugaji nyuki, kamati ya maji au ushirika wa kuweka na kukopa: kila kikundi kisiwani Pemba siku moja kitahitaji kuandika barua. Barua hiyo itapita kwa sheha, itafika ofisi ya wilaya iliyopo Wete, Micheweni, Chake Chake au Mkoani, na pengine itavuka bahari hadi Unguja au Dar es Salaam. Anayeipokea hawajui wanakikundi. Hajaona mwani wao juani wala mizinga yao. Kabla hajasoma neno la ombi, ataangalia juu ya karatasi: hawa ni nani, wako wapi, na nikitaka kuwajibu nitawapataje?

Katika toleo hili tunajifunza jinsi ya kutengeneza kiolezo cha barua kwa kutumia programu ya kuandikia ya kompyuta. Kiolezo ni faili lenye kichwa cha barua na mpangilio wake, ambalo hutengenezwa mara moja na kutumiwa kila barua mpya inapoandikwa. Tutaona cha kuweka, hatua za kufuata, na namna ya kukilinda kisitumiwe vibaya.

Kwa nini kiolezo?

Vikundi vingi vina mazoea ya kufungua barua ya zamani, kufuta maneno na kuandika mapya juu yake. Njia hii ina hatari tatu. Kwanza, mabaki ya barua ya zamani husalia. Barua inakwenda Wete lakini ndani yake bado limo jina la ofisi ya Micheweni, au tarehe ya mwaka jana. Pili, mwandishi akisahau kuihifadhi kwa jina jipya, barua ya zamani hupotea, na kikundi kinakosa nakala yake. Tatu, kila mwandishi hubadilisha kidogo: leo jina la kikundi limeandikwa kwa urefu, kesho kwa kifupi. Ofisi ikiweka barua hizo katika jalada moja, mtu anaweza kudhani ni vikundi viwili.

Wengine huchapisha mamia ya karatasi zenye kichwa. Zinapendeza, lakini zinapitwa na wakati. Zamani namba za simu za mezani za Zanzibar zilianza na 054, na sasa zinaanza na 024. Katikati ya muongo wa 2000, namba za mkononi zilizoanza na 0747 zikawa 0777. Aliyekuwa na rundo la karatasi zilizochapishwa alilazimika kukata namba kwa kalamu. Mwenye kiolezo hurekebisha mstari mmoja tu.

Si jambo geni pwani yetu

Wazee wetu waliandika barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya taipureta. Barua hizo zilikuwa na mpangilio uliojulikana. Juu lilitangulia jina la Mwenyezi Mungu, kisha anayeandikiwa kwa majina ya heshima, kisha salamu. Halafu yakaja maneno “wa baadu”, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza. Mwisho mwandishi alitaja jina lake na tarehe. Mjerumani C. G. Büttner alikusanya maandishi ya namna hiyo na kuyachapisha kitabuni mwaka 1892. Anayeyasoma leo bado anaweza kutambua nani anamwandikia nani.

Kiolezo kinafanya kazi ile ile. Kinatenga mambo yasiyobadilika na yale yanayobadilika, ili msomaji ajue pa kutazama.

Mambo yanayobaki na yanayobadilika

Kabla ya kugusa kompyuta, kamati ikae na karatasi na kalamu. Gawanyeni karatasi sehemu mbili.

Yanayobaki, ambayo yataingia katika kichwa cha barua:
- Jina kamili la kikundi, kama lilivyo katika cheti cha usajili, herufi kwa herufi.
- Namba ya usajili.
- Shehia, wilaya na mkoa, kwa mfano Kaskazini Pemba au Kusini Pemba.
- Sanduku la posta, simu na barua pepe ya kikundi.
- Nembo, kama kikundi kinayo. Msichukue nembo ya Serikali wala ya mfadhili. Hiyo ni sahihi ya mtu mwingine.

Yanayobadilika, ambayo yataachiwa nafasi katika mwili wa barua:
- Kumbukumbu namba na tarehe.
- Anayeandikiwa na, inapohitajika, mstari wa “Kupitia kwa: Sheha wa Shehia ya …”
- Kichwa cha habari (KUH: au YAH:).
- Maelezo yenyewe.
- Jina, cheo na sahihi ya anayeandika.

Swali gumu ni majina ya viongozi. Tunashauri yasiwekwe katika kichwa cha barua. Viongozi hubadilika kila uchaguzi, na barua hukaa majaladani miaka mingi. Hali kadhalika simu na barua pepe. Katibu akihamia Unguja au akienda Oman kutafuta maisha, majibu ya barua zote yatamfuata yeye na kikundi kitabaki kikisubiri. Fungueni barua pepe kwa jina la kikundi, na laini ya simu iwe ya kikundi, ikabidhiwe pamoja na muhuri wakati wa makabidhiano.

Hatua kwa hatua

Programu zinazotumika sana ni Microsoft Word, ambayo hununuliwa, na LibreOffice, ambayo hutolewa bure. LibreOffice ilitokana na OpenOffice mwaka 2010. Na OpenOffice hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Hatua hizi zinafaa kwa zote mbili. Majina ya menyu tumeyaandika kama yanavyoonekana katika kompyuta nyingi.

1. Ukubwa wa karatasi. Fungua ukurasa mtupu na uhakikishe ni A4, yaani milimita 210 kwa 297. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa karatasi ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279, na mistari ya chini huharibika inapochapwa. Acha pambizo ya sentimita 2.5 kila upande.

2. Kichwa cha ukurasa. Nenda Insert, kisha Header. Jina na anwani ziandikwe humo, si katika mwili wa barua, ili mwandishi asizifute kwa bahati mbaya.

3. Ukurasa wa kwanza pekee. Barua ya kurasa mbili haihitaji nembo mara mbili. Katika Word weka alama kwenye Different First Page. Katika LibreOffice fungua mpangilio wa ukurasa, sehemu ya Header, na uondoe alama kwenye Same content on first page. Ukurasa wa pili uwe na namba ya ukurasa tu.

4. Tumia jedwali. Usisogeze maneno kwa kubofya nafasi mara ishirini. Kwenye kompyuta nyingine yatahama. Weka jedwali la mstari mmoja na safu tatu: nembo kushoto, jina na anwani katikati, na kulia jina kwa Kiarabu kama kikundi hulitumia. Kisha ondoa mistari ya jedwali isionekane.

5. Nembo. Picha iwe na ukali wa nukta 300 kwa inchi. Kwa nembo yenye upana wa sentimita 3, hiyo ni takriban nukta 350 kwa upana. Picha ndogo zaidi itachapwa na ukungu, na kubwa mno italifanya faili kuwa zito kutumwa kwa simu. Jaribu pia kuitoa fotokopi. Rangi ya kijani kibichi inayopendeza kwenye kioo inaweza kuwa doa jeusi kwenye nakala.

6. Herufi. Chagua fonti iliyopo katika kompyuta nyingi, kama Times New Roman au Arial. Fonti ya mapambo isipokuwepo kwenye kompyuta ya duka la kuchapia, kompyuta huweka nyingine na mpangilio wote huvurugika.

7. Nafasi za kujaza. Katika mwili wa barua andika “Kumb. Na.: …”, “Tarehe: …”, “KUH: …” na kadhalika, kwa mpangilio utakaotumika siku zote.

8. Tarehe. Jihadhari na tarehe inayojibadilisha yenyewe. Ukiiweka, barua ya mwezi wa Machi ukiifungua Novemba itaonyesha Novemba. Siku kukitokea mzozo wa mpaka wa shamba au wa malipo, nakala yenu ya kwenye kompyuta haitakuwa ushahidi. Tarehe iandikwe kwa mkono wa mwandishi kila mara.

9. Kuhifadhi. Nenda Save As na uchague aina ya kiolezo: dotx kwa Word, ott kwa LibreOffice. Angalia limehifadhiwa wapi, kwa kuwa Word hupenda kuliweka katika folda yake ya violezo. Tangu hapo, ukilibofya mara mbili utapata barua mpya isiyo na jina, na kiolezo chenyewe hakiguswi.

10. Jaribio. Andika barua ya mfano yenye kurasa mbili, ichape, kisha ifungue kwenye kompyuta nyingine. Mpe mtu asiye mwanakikundi, mwalimu wa skuli ya jirani kwa mfano, aisome. Akiweza kusema nani ameandika na atajibiwa wapi, kiolezo kimekamilika.

Kiolezo ni amana

Mwenye kichwa cha barua cha kikundi anaweza kuzungumza kwa jina la kikundi. Anaweza kuomba mchango, kukopa au kumdhamini mtu. Wanakikundi wakasikia habari hizo wakati mkopeshaji amekwisha fika mlangoni. Kwa hiyo kiolezo kilindwe kama muhuri na daftari la fedha.

- Watu wawili wakihifadhi, kwa kawaida katibu na mwenyekiti, na kila mmoja ajue mwenzake anacho.
- Picha ya sahihi au ya muhuri isiwekwe kamwe ndani ya kiolezo. Wala mtu asitie sahihi karatasi tupu yenye kichwa “ili kurahisisha kazi”.
- Barua inayotumwa kwa barua pepe au simu igeuzwe kwanza kuwa PDF. Kiolezo chenyewe kisitumwe nje.
- Wengi wetu hatuna kompyuta na tunategemea duka la kuchapia la mjini. Nendeni na kiolezo kwenye fleshi, na barua ikishachapwa hakikisheni hakuna nakala iliyobaki dukani. Kwa kuwa fleshi hupotea na hupata virusi, wekeni nakala nyingine katika barua pepe ya kikundi.
- Kila barua inayotoka iandikwe katika daftari: namba, tarehe, imekwenda kwa nani, inahusu nini. Kumbukumbu namba iwe rahisi, kwa mfano herufi za jina la kikundi, mwaka, kisha namba ya barua. Ofisi ikipiga simu kuuliza juu ya barua fulani, na namba yake haimo daftarini, mtajua mara moja kwamba haikutoka kwenu.

Hatua hii ya mwisho haihitaji kompyuta hata kidogo, nayo ndiyo inayokinga zaidi. Kiolezo huifanya barua ionekane ni ya kikundi. Daftari ndilo linalothibitisha hivyo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Chukueni barua tatu za mwisho zilizotoka kwenu. Je, jina la kikundi na anwani zinafanana katika zote?
2. Nani leo ana uwezo wa kuandika barua kwa jina la kikundi? Wanakikundi wote wanawajua watu hao?
3. Katibu akiondoka kesho, majibu ya barua zenu yatafika kwa nani?
4. Je, kuna karatasi yoyote tupu yenye sahihi au muhuri mahali popote? Mtaichana lini, na mbele ya nani?
5. Pangeni siku ya kutengeneza kiolezo. Nani atakwenda, kwenye kompyuta ipi, na nani atakikagua kabla ya kuanza kutumika?