Kupima Mwenendo wa Mchezaji

Klabu ya Geita Gold ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2021, vijana wa Nyasubi waliona mlango wa mpira umesogea karibu. Basi yampasa achaguaye wachezaji asitazame miguu tu, bali na mwenendo: je, kijana huwahi mazoezi? Hulewa? Husikia maonyo? Safari ya mpira ni ndefu: Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe, akafika Genk mwaka 2016 na Aston Villa mwaka 2020. Lakini mwenendo upimwe kwa haki. Waulizwe mwalimu na mzazi, wala usifuatwe uvumi wa sokoni. Kosa moja si tabia. Lirudiwalo baada ya onyo ndilo tabia. Naye akataliwaye aambiwe sababu, apate kujitetea au kujirekebisha.