Kamera ya Dijitali Iliyokarabatiwa: Jinsi ya Kuipima

Kamera iliyokarabatiwa si kamera iliyotumika tu. Imekaguliwa na fundi, sehemu mbovu zikabadilishwa, ikauzwa tena kwa bei nafuu, mara nyingi ikiwa na dhamana. Hata hivyo, shule yenye fedha chache isilipe kabla ya kuipima.

Tuanze na pazia, yaani kile kilango kinachofunguka kuruhusu mwanga. Pazia la Nikon D90, kamera iliyotoka mwaka 2008, lilijaribiwa na watengenezaji kwa mizunguko 100,000. Kama limekwisha kufunguka mara 80,000, imebaki moja ya tano ya kipimo hicho, ingawa mengine hufa mapema na mengine huendelea. Katika kamera hiyo hesabu huandikwa ndani ya faili la picha. Muuzaji akikataa kuionyesha, hilo nalo ni jibu.

Kisha funika lenzi kwa kifuniko chake, upige picha ya sekunde 30. Kwa nini gizani? Joto hufungua elektroni ndani ya silikoni hata pasipo mwanga, na pikseli dhaifu huzikusanya kwa wingi, zikaonekana kama nukta angavu. Nukta chache ni jambo la kawaida. Zikitapakaa picha nzima, kitambuzi cha mwanga kimechoka.

Mwisho mulika lenzi kwa tochi. Vumbi kidogo halidhuru. Lakini ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, ambayo hupenda unyevu kama ule wa pwani na huweza kuchimba kioo chenyewe. Lenzi hiyo iache.