Nyuki wa Hadithi na Nyuki wa Mzingani

Wengi wetu hapa Mbeya na Iringa tumekulia karibu na mizinga. Ukienda Chunya au Mufindi utaiona imetundikwa mitini. Lakini jioni tukiota moto, nyuki tunaowasimulia ni wengine kabisa. Hao ni nyuki wa kutumwa. Wanampita mwenye mali, wanamfuata mwizi peke yake, eti hata jina lake wanalijua!

Hadithi hizo ni tamu, wala hatusemi ziachwe. Shida inakuja siku nyuki wanapomvamia mtu kweli. Hapo wapo wanaouliza, "Nani kawatuma?" Basi hadithi imetoka motoni, inaelekea mlangoni kwa jirani, na mara nyingi jirani huyo ni mzee anayeishi peke yake. Kwa hiyo leo tujifunze jinsi hadithi ya namna hii inavyozaliwa.

Twende kwanza Tanga, mwaka 1914. Wakati huo nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani, na Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ndiyo imeanza. Mwezi wa Novemba Waingereza walileta kwa meli askari wapatao 8,000 kutoka India. Upande wa Wajerumani walikuwapo askari kama 1,000 tu, wengi wao Waafrika, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Tarehe 4 wakapambana vikali katikati ya minazi na mashamba ya mpira. Kumbe mitini mna nyuki! Risasi zikawachafua, wakatoka kwa hasira, wakawauma askari, wengine wakatupa silaha na kukimbia. Kesho yake Waingereza walirudi melini wameshindwa.

Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi. Askari walikuwa wamechoka kwa safari ndefu ya bahari, makamanda hawakuwa wamepeleleza vizuri, na Wajerumani walipata muda wa kuleta askari kwa reli. Lakini nyuki ndio waliobaki midomoni mwa watu. Ukazuka uvumi kwamba Wajerumani waliwafundisha nyuki vita. Wengine wakasema walifunga kamba kwenye mizinga ili adui akipita aivute. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika baadaye kwamba nyuki haohao waliwashambulia askari wake wa bunduki za rashasha, wakashindwa kupiga. Sasa hao wamefundishwa na nani? Lakini uvumi ni uvumi, bwana, haungoji jibu. Vita hivyo vikapata jina la Vita vya Nyuki. Hata mwandishi William Boyd aliviingiza katika riwaya yake An Ice-Cream War, iliyotoka mwaka 1982.

(Tukumbuke pia kwamba Kiswahili chetu kinaita mzinga nyumba ya nyuki, na mzinga bunduki kubwa ya vita. Maneno nayo hushirikiana.)

Hadithi ya pili inahusu ukoo wa nyuki wetu. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka kwao nyuki malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, akitaka kupata nyuki wanaotengeneza asali nyingi katika nchi ya joto. Mwaka 1957 baadhi ya makundi yakatoroka, yakachanganyika na nyuki wa kule, yakaanza kusambaa kuelekea kaskazini. Marekani watu wakaingiwa na hofu. Arthur Herzog akaandika riwaya ya The Swarm mwaka 1974, ikafuatiwa na sinema mwaka 1978: nyuki kutoka Afrika wanavamia miji na kuua watu. Nyuki wenyewe walifika Marekani mwaka 1990. Yaani walitangulia kufika kitabuni.

Sasa tuangalie kwa nini mtu huona kama amechaguliwa. Mwiba wa nyuki una vijino kama ndoana. Ukiingia katika ngozi hautoki. Nyuki akijivuta, mwiba unabaki na yeye anakufa. Pale ulipobaki hutoka harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Kwa nyuki wengine harufu hiyo ni mbiu ya vita: adui yuko hapa! Basi aliyeumwa mara ya kwanza ndiye anayefuatwa na wote, na mwenzake aliyesimama kando anaweza kupona. Nguo nyeusi, nywele, pumzi na kurusharusha mikono huwaongezea hasira. Hakuna aliyetaja jina la mtu.

Kwa hiyo wakikuvamia, usisimame kupigana nao. Funika uso, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba, ufunge mlango. Kisha ondoa miiba upesi, ukiikwangua kwa ukucha. Aliyeumwa mara nyingi, au anayevimba uso na kushindwa kupumua, apelekwe zahanati mara moja. Na kabla ya kutafuta nani kawatuma, tazameni mzinga ulio karibu. Huenda nyegere ameufumua usiku, au mtu amekata tawi.

Bado kuna ile kamba ya Tanga. Siku hizi ipo kweli, ila adui ni tembo. Nchini Kenya mtaalamu Lucy King alitengeneza uzio wa mizinga kuzunguka shamba. Mizinga hutundikwa kila baada ya mita kama 10 na kuunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka na kumuuma machoni na ndani ya mkonga. Uzio wa namna hii umejaribiwa pia kwa jirani zetu chini ya Milima ya Udzungwa. Wapo tembo wanaopenya, hatuwezi kuficha hilo, lakini wengi hurudi nyuma, na mkulima anapata asali. Akienda kuirina bila moshi na bila kujifunika, nyuki wake watamuuma kama walivyomuuma tembo.