Sanamu ya Dharau: Makumbusho Yaifanyeje?

Kuichoma sanamu inayodharau watu ni kuteketeza ushahidi. Kuiacha ukumbini bila neno ni kuendeleza tusi. Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, Ubelgiji, yaliyofungwa mwaka 2013 kwa ukarabati na kufunguliwa tena Desemba 2018, yana mengi ya kutufunza, mazuri na mabaya.

1. Mtafute aliyeiagiza. Jina la mchongaji pekee halitoshi. Sanamu ya Mtu Chui ya Tervuren ilichongwa na Paul Wissaert mwaka 1913, lakini aliyeiagiza ni Wizara ya Makoloni ya Ubelgiji. Inamwonyesha Mkongo aliyejifunika uso, kavaa vazi la madoa ya chui, ana kucha za chuma, anamnyemelea mtu aliyelala. Ukishamjua aliyeitaka picha hiyo, unajua pia ilikusudiwa kumfunza nini Mbelgiji: kwamba watu hawa lazima watawaliwe.

2. Jina la zamani usilifute kwenye rejesta, hata kama ni la matusi. Lionyeshe kuwa ni la wakati ule, kisha andika maelezo mapya kando yake.

3. Waite watu wa jamii iliyochongwa mapema, kabla mpango haujafungwa, na uwalipe kama unavyomlipa mtaalamu yeyote. Tervuren iliwashirikisha wataalamu wenye asili ya Afrika, lakini baadhi yao walilalamika kwamba hawakusikilizwa vya kutosha. Kikao cha kupiga muhuri uamuzi uliokwisha kufanywa si ushauri.

4. Amua mahali pa kuiweka. Mtu Chui ameondolewa kwenye maonyesho makuu, akawekwa chumba kimoja na sanamu nyingine zilizostaafishwa, ambapo wageni bado wanaziona. Kuna pia mchoro wa msanii Chéri Samba wa mwaka 2002: Waafrika wanaivuta sanamu hiyohiyo kwa kamba itoke nje, Wazungu wanaing'ang'ania. Hakuna lebo inayosema zaidi ya hapo.

5. Sheria ikikataza kuondoa, jibu kwa sanaa. Sanamu za ukumbi wa duara wa Tervuren zinalindwa kama urithi wa jengo. Aimé Mpane, msanii wa Kongo, akaweka humo kichwa kikubwa cha Mwafrika alichokichonga kwa mbao. Binafsi naona dhahabu ya sanamu zile za zamani bado inavuta macho kwanza.

6. Andika lebo fupi isiyong'ata maneno: hii ni propaganda, ilitengenezwa na fulani, kwa faida ya fulani. Kisha simama pembeni uwatazame wageni. Wakipiga picha na sanamu bila kusoma, lebo iko mahali pabaya. Ihamishe.