Somo la familia: Orodha ya kungojea nyumba kule Marekani

Masomo: Yeremia 29:1-7, Luka 14:28-30



Mwezi uliopita, baada ya ibada, mama mmoja alitungojea nje akiwa na simu mkononi. Mwanawe aliyeko Marekani alikuwa amemtumia picha ya barua ya Kiingereza pamoja na swali moja: je, pasta anaweza kuisoma? Tuliisoma. Ilitoka kwa mamlaka ya nyumba ya mji anakoishi. Ilimwuliza kama bado anataka jina lake libaki kwenye orodha ya kungojea nyumba, na ikamtaka ajibu kabla ya tarehe fulani. Zilikuwa zimebaki siku nne. Barua hiyo ilikaa juu ya friji wiki mbili, kijana akidhani ni tangazo la duka.

Alijibu kwa wakati, Mungu ashukuriwe. Lakini jambo hilo lilitukumbusha la kwetu wenyewe, ambalo halikwenda vizuri, na ndiyo sababu tumeandika somo hili.

Wengine watauliza: pasta, kwa nini utufundishe nyumba za Marekani wakati safari zimesimama? Ni kweli. Mwezi wa Januari 2025 mpango wa kuwapokea wakimbizi ulisimamishwa kwa amri ya rais wa nchi hiyo, na familia zilizokuwa zimekwisha kupimwa na daktari zikabaki kungoja bila tarehe. Hatuandiki ili kuwaamshia watu matumaini ya ndege. Tunaandika kwa sababu wengi wetu tuna mtu kule aliyetangulia kabla ya hapo, na mambo yakimwia magumu anatupigia simu sisi. Mzazi asiyeelewa mambo ya kule anaweza kumshauri mtoto wake vibaya, na kwa upendo mwingi kabisa.

Kule hakuna kiwanja

Sisi tulipofika hapa makazini, Ofisi ya Waziri Mkuu ilituonyesha kiwanja. Tulipewa turubai na nguzo, tukafyatua matofali, tukajenga. Akizaliwa mtoto wa saba, baba anaongeza chumba. Mvua ikibomoa ukuta, majirani wanakuja. Kwa hiyo tukisikia kwamba mtu wa Marekani anasumbuliwa na nyumba, tunashangaa. Tunadhani ni uvivu, au ni kutuficha.

Kule mgeni hupanga. Shirika lililompokea lilimtafutia nyumba na kumsaidia kwa siku 30 hadi 90 za mwanzo. Baada ya hapo kodi ilikuwa juu yake, kila tarehe moja ya mwezi, awe amepata kazi au hajapata. Baba anayekata nyama kiwandani usiku na mama anayesafisha vyumba vya hoteli wanaweza kuona nusu ya mishahara yao ikiishia kwenye kodi kabla hawajanunua hata unga. Ndugu zetu walikuwa na picha ya nchi ya ahadi, nao hawakuketi kwanza na kuhesabu gharama kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14. Lakini tuwe wa haki: hakuna aliyewapa hesabu hiyo waihesabu.

Msaada wa serikali upo. Nyumba za umma zilianza kwa sheria ya mwaka 1937, na mwaka 1974 ikaongezwa sheria iliyoleta mpango ambao watu wetu huuita Seksheni 8. Wizara ya nyumba ya nchi hiyo haimpi mtu nyumba moja kwa moja. Fedha hupitia mamlaka za nyumba za miji na wilaya, na hizo ni zaidi ya 3,000. Kila moja ina orodha yake, masharti yake na mlango wake. Hapa ndipo watu wetu wanapokosea kwanza, kwa sababu sisi tumezoea orodha moja: ukiandikwa na UNHCR, umeandikwa. Kule, kuandikwa katika mji mmoja si kuandikwa katika mji wa jirani. Kwa upande mwingine, mtu haruhusiwi tu, bali anashauriwa, kuweka jina lake kwenye orodha nyingi kwa wakati mmoja, hata za miji asikokaa. Baadhi ya mamlaka huwatanguliza wakazi wake, au wazee, au wenye ulemavu, au wasio na pa kulala. Kila moja inajipangia, kwa hiyo lazima kuuliza.

Tena katika mamlaka moja orodha zinaweza kuwa mbili. Ya kwanza ni ya nyumba za umma, ambazo mwenyewe ni mamlaka. Ya pili ni ya vocha, ambapo familia inatafuta nyumba ya mtu binafsi, na mamlaka inamlipa mwenye nyumba sehemu ya kodi. Aliyeandikwa kwenye ya kwanza asidhani ameandikwa kwenye ya pili. Yako pia majengo ya bei nafuu yaliyojengwa kwa msaada wa sheria ya kodi ya mwaka 1986, nayo huandikisha watu katika ofisi ya jengo lenyewe. Hayo husahauliwa mara nyingi.

Hesabu yake iko hivi. Familia hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato fulani. Tuseme kipato kinachohesabiwa ni dola 2,000 kwa mwezi na kodi ni dola 1,400. Familia italipa kama dola 600, na vocha italipa zile 800, ilimradi kodi haipiti kiwango ambacho mamlaka imekiweka. Kipato kikishuka, mtu akapoteza kazi, ni lazima atoe taarifa, na sehemu yake itapunguzwa. Wako walioendelea kulipa kiasi kile kile baada ya kufukuzwa kazi kwa sababu waliona haya kwenda kusema.

Na je, mkimbizi anaruhusiwa? Ndiyo. Sheria ya mwaka 1980 inayotaja wageni wanaoweza kupata msaada huu inamtaja mkimbizi aliyepokelewa, aliyepewa hifadhi, na mwenye grini kadi. Wengine wanaogopa kwamba kuomba nyumba kutawaharibia grini kadi. Sheria imemwondoa mkimbizi katika kipimo hicho cha kuwa mzigo kwa serikali anapoomba grini kadi. Woga huo umewanyima watu nafasi bure.

Wengi wanangoja, wachache wanapata

Msaada huu hautoshi watu. Kati ya kila familia nne zinazostahili, ni kama moja tu inayoupata. Orodha hufungwa kwa miaka, kisha hufunguliwa kwa siku chache. Mji wa New York ulifunga orodha yake ya vocha mwishoni mwa mwaka 2009 na haukuifungua hadi Juni 2024. Ndani ya wiki moja watu zaidi ya 600,000 waliomba, na majina 200,000 yakachaguliwa kwa kura. Los Angeles walifungua Oktoba 2022. Waliomba zaidi ya 220,000 na wakachukuliwa 30,000. Na hao wote walichukuliwa kuingia kwenye orodha, bado si kuingia ndani ya nyumba.

(Kijana mmoja alituuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuingia kwenye kura. Tulimkumbusha jinsi Mathiya alivyopatikana katika Matendo 1. Kura hiyo haina kamari ndani yake, hakuna anayeweka fedha.)

Na kwa kuwa tumetaja fedha: mamlaka ya nyumba haitozi kitu kwa kuandika jina. Tumesikia habari za mtu wa lugha yetu wenyewe, mwenye Biblia mkononi, aliyechukua dola 200 kwa kila familia ili "kusogeza majina". Hakuna jina lililosogea. Mtoto wako akikuambia anatafuta fedha za kulipia orodha, mwambie aache mara moja.

Sasa tuseme la kwetu. Mdogo wetu aliondoka mwaka 2016 na mke na watoto watano. Mwaka 2017 aliandika jina kwenye orodha ya vocha ya mji wake, akapewa namba. Mwaka 2019 walihama kwenda nyumba ndogo zaidi, kwa sababu walikuwa nyuma kwa kodi na mwenye nyumba hakutaka kungoja. Hakuiandikia mamlaka kuwaeleza anwani mpya. Alifikiri wanajua, kama sisi hapa ambapo mwenyekiti wa kijiji anajua kila mtu amelala wapi. Mwaka 2020 barua ilikwenda kwenye nyumba ya zamani. Haikujibiwa, jina likafutwa. Aligundua baada ya miezi mingi alipokwenda kuuliza. Miaka mitatu ya kungoja ilikwisha hivyo, akaanza tena chini kabisa.

Kuna sehemu ambayo hatukuijua wakati ule. Miezi miwili kabla hawajahama, sisi ndio tuliompigia simu. Kanisa lilihitaji mabati. Tulimwambia kwamba Mungu amempeleka kule kwa kusudi, kama Yusufu. Alituma dola 300. Hakusema kitu juu ya kodi, na sisi hatukuuliza. Mabati yale ndiyo yako juu ya vichwa vyetu kila Jumapili. Tulipojua, tulimwomba radhi kwa simu, naye alicheka akasema yamepita. Hadi tunapoandika haya yuko kwenye orodha tatu na hajaitwa.

Kwa hiyo, wazazi, mtoto akisema mwezi huu hana, msimlaani.

Ya kumwambia mtoto

Mwambie kila akihama aandikie kila mamlaka yenye jina lake, kwa maandishi, na atunze nakala. Kama anatangatanga kwa marafiki, atumie anwani ya mtu asiyehama, kwa mfano mzee wa kanisa la kule. Namba aliyopewa siku ya kuomba aipige picha na kuituma kwako pia. Simu hupotea, na huenda siku moja wewe ndiye utakayekuwa nayo.

Majina yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye karatasi ya I-94. Hapa kwetu baba ana majina yake, mama yake, na kila mtoto la kwake, na ofisi za kule huona kama watu wasiohusiana. Akibadilisha mpangilio ili "waelewe", anaongeza shida. Vivyo hivyo tarehe za kuzaliwa. Wengi wetu tuliandikwa Januari 1 kwa sababu hakuna aliyejua siku. Fomu ya nyumba si mahali pa kusahihisha hilo. Iandikwe ile ile iliyo kwenye karatasi nyingine zote.

Halafu kuna jambo zito zaidi, nalo tunalisema kwa upole. Hapa makazini wako watu waliojifunza kuongeza kichwa kwenye karatasi ya familia, au kumficha mtu siku ya kuhesabiwa, kwa sababu ya njaa. Hatuwahukumu leo. Lakini tabia hiyo ikivuka bahari, inavunja nyumba. Mamlaka inataka kujua kila anayelala mle ndani na kila senti anayoingiza. Ndugu akija kukaa, lazima aombewe ruhusa. Familia ikigundulika kuficha mtu au kipato inaweza kutolewa kwenye msaada na kudaiwa kurudisha fedha. Mtoto wa marehemu kaka yako unayemlea atajwe kama alivyo, na karatasi za malezi zitafutwe mapema. Tunajua kusema kweli kunaweza kumchelewesha. Neno la Bwana juu ya ndiyo na siyo katika Mathayo 5 halikuacha nafasi ya fomu.

Siku ikifika na vocha ikatoka, bado mbio hazijaisha. Familia hupewa angalau siku 60 kutafuta nyumba ambayo mwenyewe atakubali vocha na ambayo itapita ukaguzi. Kwa familia zetu za watu tisa au kumi nyumba hizo ni adimu. Siku zikiwa zinakwisha, aombe kuongezewa kabla ya siku ya mwisho, kwa maandishi. Na wakimkatalia ombi lake, barua lazima ieleze sababu, na ana haki ya kuomba asikilizwe ndani ya muda uliotajwa. Tumeona watu wakisoma neno la kukataliwa na kuitupa barua bila kufika mstari wa chini.

Yeremia aliwaandikia waliochukuliwa Babeli barua. Walikuwapo manabii waliowaambia watarudi upesi, wasihangaike na nyumba. Yeye aliwaambia wajenge, wapande, waombee mji ule. Tukiisoma sura ya 29 tuangalie pia kwamba wengine walibaki Yerusalemu, na barua ilitoka kwao waliobaki kwenda kwa waliokwenda mbali. Barua za namna hiyo ndizo tunazopaswa kuwaandikia watoto wetu.

Kila Alhamisi baada ya maombi, kuanzia wiki ijayo, tutakaa chini ya mwembe na vijana wawili wanaosoma Kiingereza vizuri. Mwenye picha ya barua kutoka kwa mtoto wake ailete, hata kama ni ya zamani, na aje na chaji kwenye simu kwa kuwa umeme wa jua wa kanisa umeharibika. Barua za kesi za safari tafadhali zibaki nyumbani. Hizo hatuna uwezo nazo.