Kufinyika kwa Mfereji wa Uti wa Mgongo: Suala la Tiba na Istilahi

Mulot ni mji mdogo mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok. Mgonjwa atokaye huko hadi hospitali ya Longisa au Tenwek aweza kusema, "Mshipa wa mgongo umebana." Kauli hiyo ina utata, kwani mshipa ni njia ya damu, ni neva, na pengine ni ngiri. Makala haya yanabainisha dhana husika na athari zake katika matibabu.

Uti wa mgongo ni safu ya pingili. Ndani yake mna mfereji upitishao ugwe mgongo. Umri unaposonga, diski hutokeza, mifupa huota vichomozo na kano hunenepa, mfereji ukafinyika.

Mahali pa finyo ndipo paamuapo tiba. Ugwe hukomea karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini yake mna mizizi ya neva tu. Kwa hiyo, finyo la kiunoni huleta maumivu na ganzi miguuni mtu asimamapo au atembeapo. Akiinama mfereji hutanuka, naye hupata nafuu. Mathalani, mchuma chai aweza kuinamia kichaka bila taabu, lakini akateseka akitembea kwenda kituo cha kununulia majani. Huyu husaidiwa na mazoezi ya viungo, dawa za maumivu na kupunguza uzito wa mwili. Upasuaji hufikiriwa hayo yasipofaa.

Shingoni, kinyume chake, ugwe wenyewe ndio ubanwao. Vidole hushindwa kufunga vifungo na mwendo huyumba, pengine bila maumivu makali. Hapa kungoja ni hatari, na kukandwa kwa kunyongwa shingo hakufai. Aidha, anayeshindwa ghafla kuzuia haja, au aliyekufa ganzi sehemu za siri au kulegea miguu, apelekwe hospitali mara moja.

Ni dhahiri basi kwamba istilahi si pambo. "Uti wa mgongo" hutumiwa kwa mifupa na kwa ugwe pia, na wengi wakilisikia jina hilo hufikiria homa ya uti wa mgongo. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayetenganisha uti, ugwe, neva na mshipa, na kumwezesha mgonjwa kueleza ni wapi, ni lini na akikaaje hupata nafuu, atakuwa ameshiriki katika tiba yenyewe.